Nauonea Wivu Mji

Jumamosi, Muleba. Masika.

Mvua imeanza kabla sijaamka na mpaka sasa magharibi bado haijachoka. Kule hakuna mvua. Kule leo kuna jua na upepo wa baridi kidogo, na kesho hivyo hivyo. Najua kwa sababu simu yangu inaonyesha hali ya hewa ya miji miwili, wa kwangu na wa mume wangu.

Wa mume wangu si Muleba.

Shajara yangu, wewe unaijua habari hii, lakini siku hizi kuna watu wanapita hapa kusoma, kwa hiyo nieleze mara moja. Mume wangu anaitwa Evodius, ni fundi sanifu wa maji. Alipata ufadhili akaenda Iran miaka miwili kusomea maji ya chini ya ardhi. Hakupelekwa kwenye mji mkubwa tunaouona kwenye taarifa ya habari. Alipelekwa ndani ndani huko, kwenye mji mdogo wa watu wanaosema Kiajemi, makao makuu ya wilaya yao. Alirudi Agosti. Jina la mji huo sitaliandika hapa. Halijanikosea kitu, ila kila likitoka kinywani mwake lina utamu ambao jina langu sijawahi kulisikia nao.

Ingekuwa ni mwanamke, ningejua pa kuanzia. Ningemuuliza jina, ningemuuliza kwao, tungemalizana. Mji unaugombeza vipi?

Neno ninalolichukia kuliko yote katika Kiswahili sasa hivi ni "kule". Nikimpa chai, kule chai inanywewa kwenye glasi ndogo na sukari unaibana kwa meno. Nikileta mkate, kule mkate ni mrefu kama taulo, watu wanapanga foleni asubuhi na kuubeba mkononi ungali wa moto. Nikilalamika kwamba kuna baridi, kule theluji iliwahi kufunga barabara na majirani wakaja na makoleo bila kuitwa. Juzi nilipika ndizi na maharage, nimeweka na samli aliyonipa mama, akala, akafuta mdomo, akatazama ukuta. Nikajua "kule" inakuja.

"Kule," akasema, "usiku ule mrefu kuliko yote wa mwaka watu hawalali mapema. Wanakaa wanakula tikiti maji na komamanga mpaka wachoke."

Nikatoa sahani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mji wenyewe, kwa maelezo yake, hauna ajabu. Nimemhoji. Una ofisi ya mkuu wa wilaya, hospitali, mahakama, mabenki mawili matatu, na mzunguko wa barabara wenye maua katikati. Asubuhi watu wanashuka kutoka vijijini na bahasha zao za karatasi, wanakaa kwenye mabenchi ya ofisi wakingoja kuitwa, wanamaliza shida au hawamalizi, wananunua mkate, wanarudi kwao. Nikamwambia, Evo, hiyo ni Muleba. Umepanda ndege kwenda kuiangalia Muleba. Akacheka akasema ndiyo maana aliupenda.

Jibu hilo nimelitafuna mwezi mzima na bado halijashuka.

Mimi nimezaliwa Kashozi. Kutoka kwetu Bukoba mjini ni karibu, na tangu nikiwa mtoto nilijihesabu mtu wa mjini. Evodius kwao ni Buganguzi, na kazi yake ndiyo iliyotuleta hapa Muleba, ambako nina kibanda changu cha cherehani kando ya barabara inayopanda kwenye ofisi za wilaya. Wateja wangu ndio hao hao wenye bahasha. Mtu amefuata hati ya shamba, suruali imepasuka njiani, anaingia kwangu. Ninawapenda. Lakini siwezi kukudanganya, huwa nasema mbele ya yeyote kwamba Muleba ni mahali pa kupita ukienda Bukoba. Nimelisema hilo hata mbele ya mama mkwe, naye hakucheka.

Basi huo mji nimeufungua kwenye ramani ya simu. Nimeukuza mpaka nikaona mapaa. Nilikuwa natafuta ubaya wake. Mapaa ni ya rangi ya udongo, bapa, na pembeni ni jangwa na mlima mkavu usio na jani, nikafurahi. Hakuna mgomba hata mmoja. Hakuna ziwa. Nikamwonyesha Evodius, nikijifanya nauliza tu. Akaichukua simu kwa mikono miwili, akaweka kidole kwenye paa moja kati ya yale mapaa mia, akasema, "Hapa ndipo kwa Bibi Mahin."

Bibi Mahin ni mama mwenye nyumba wake wa huko. Mjane, mtu mzima sana, watoto wameondoka. Ana ua wenye mkomamanga na Evodius alipanga chumba kwenye ua huo. Kila Ijumaa, siku yao ya kupumzika, bibi huyo anapiga simu. Evodius anatoka nayo nyuma ya nyumba, anasimama kwenye kibanja katikati ya migomba ambako mtandao unashika vizuri, na anaongea Kiajemi. Mimi nasikiliza dirishani. Sielewi neno, lakini nasikia anavyocheka, na kicheko chenyewe sikijui. Huyu mtu nimeishi naye kabla hajaondoka na sikumbuki kukisikia. Amekisomea kule pamoja na mambo ya maji.

Sasa nije kwenye senene, maana bila senene hutaelewa yaliyotokea leo.

Kwa sisi Wahaya senene si kitoweo tu. Zamani mke aliamka alfajiri na wanawake wenzake, wakaenda nyasini kuwakamata kwa mkono. Akawaleta nyumbani, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mume. Mwenyewe hakuonja. Mume akishakula, anadaiwa nguo. Hakuna aliyekumbushwa, wala mke hakuomba. Nguo mpya ililetwa, mke akaivaa Jumapili, na watu wakajua kwamba nyumba ile ina mwenyewe. Siku hizi tunakula wote, na senene wengi tunawanunua sokoni kwa wenye mataa makubwa. Nguo, hata hivyo, haijafa. Baba yangu alikuwa mkali na mchache wa maneno, sikumsikia hata siku moja akimsifu mama. Lakini msimu wa senene haukuwahi kuisha bila mama kupata kitenge. Alikuwa anakiweka juu ya kiti na kutoka nje kama mtu aliyesahau mzigo.

Novemba iliyopita senene walianguka kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ningeweza kununua. Sikununua. Mume wangu alikuwa amerudi, ulikuwa msimu wetu wa kwanza pamoja baada ya miaka miwili, na mimi nilitaka kuwakamata kwa mikono yangu. Nikajifunga kitenge, nikaenda na majirani, nyasi zikanikata vidole, nikarudi nimelowa mpaka kiunoni. Nikanyonyoa siku nzima. Nikawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, nikawaweka kwenye sahani yenye mfuniko, nikampelekea nimepiga goti kama mama. Nilikuwa nafanya mzaha kidogo, na kidogo si mzaha.

Akala. Akasifu. Akafumba macho.

Kisha akaniuliza kama nina kopo lenye mfuniko unaobana.

Kulikuwa na mwenzake, Novatus, mtu wa Kaagya, anasoma huko huko mwaka mmoja nyuma yake. Alikuwa amekuja likizo na anarudi wiki ile. Senene waliobaki wakaingia kwenye kopo, kopo likaingia kwenye begi la Novatus, na vidole vyangu vilivyokatwa na nyasi vikaenda kumfurahisha Bibi Mahin.

Nikangojea nguo. Majilio yakapita, Krismasi ikapita, watoto wa majirani wakarudi shule. Fundi cherehani mwenye majora ukutani anangojea nguo. Cheka, shajara, hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Baadaye sikucheka. Nilianza kuangalia viti nikiingia ndani.

Leo asubuhi Novatus amepiga simu. Amemaliza masomo, amerudi moja kwa moja, yuko Bukoba na ana mzigo wetu kutoka kwa bibi. Evodius alikuwa ameitwa kwenye chanzo cha maji kilichoziba huko vijijini, kwa hiyo nimekwenda mimi. Tumekutana kwenye mgahawa karibu na soko, mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti.

"Shemeji, waitu," akaniamkia kwa heshima ya Kihaya, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti lenye maandishi yao yale yanayotembea kutoka kulia. "Hiki ni chako. Si cha Evo. Bibi amesisitiza."

Nikafungua. Kilikuwa kitambaa.

Nimeshika vitambaa maisha yangu yote na mikono yangu haidanganywi. Ni pamba safi, nyepesi, ardhi nyeupe na maua madogo ya zambarau, mita nne na zaidi, ya zile wanazojitanda wanawake wa huko wakiwa nyumbani. Nilikigeuza kutafuta kasoro. Nikavuta nyuzi pembeni. Nikalowesha kidole kwa mate nikasugua ua moja nione kama linachuja. Halikuchuja.

Novatus akanieleza. Bibi alikula senene na majirani zake, kwanza kwa woga, halafu wakagombania kopo. Ijumaa iliyofuata akamuuliza Evodius kwenye simu ni nani aliyewakamata, na Evodius akamsimulia mila yote, alfajiri, sahani, goti, nguo. Novatus alikuwepo pale kwa bibi, simu ilikuwa mezani.

"Bibi akasema, aliyekula ndiye anayedaiwa," Novatus akasema. "Mwaka wao mpya ulipofika mwezi wa tatu, akaenda dukani mwenyewe, na miguu yake ile mibovu. Akakataa nimsindikize."

Hebu fikiria. Mume wangu amesimama kwenye kibanja chake mwenyewe, mita chache kutoka kwenye dirisha langu, anausimulia ule mji deni lake. Kwa Kiajemi kizuri. Halafu akakata simu akaingia ndani akaniuliza tunakula nini.

Na mji ukalipa.

Ningeweza kuishia hapo nikarudi nyumbani na hasira ya kawaida. Lakini Novatus ni mtu mwema na watu wema huwa hawajui kunyamaza kwa wakati. Akakoroga chai yake akasema, "Na chumba chenu cha juu kimeshapakwa rangi. Bibi aliuliza unapenda rangi gani, Evo akamwambia kijani. Mnakwenda Septemba mapema au mwishoni?"

Nikamuuliza, chumba cha nani.

Akanitazama. Nadhani ndipo alipoona. Akashika kikombe, akakiweka, akasema labda amechanganya mambo, safari ndefu, usingizi. Sikumbana. Nikamshukuru kwa mzigo, nikamtuma salamu kwa mama yake Kaagya, nikatoka kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Kuna mji jangwani ambako watu nisiowajua wanajua kwamba napenda kijani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu mambo yangu kama mtu anayefilisiwa. Kibanda. Wateja. Mama yuko Kashozi peke yake, kila Jumapili anasali rozari kwa ajili ya mkwe wake na bado anaamini Iran ni vita tu kutoka mpaka hadi mpaka. Mama mkwe ananitazama tumbo kila nikishuka Buganguzi, kana kwamba mtu anaweza kupata mtoto na simu. Miaka miwili nilikuwa mke wa mtu aliye kwenye kioo cha simu. Na sasa Septemba. Sikujua hata kama hiyo Septemba mimi nimo kweli, au ni chumba cha kijani tu na mume wangu ndani yake.

Evodius amerudi saa za alasiri, buti zimejaa tope, amefurahi kwa sababu chanzo kimefunguka na maji yanatoka. Nilikuwa nimekitandaza kitambaa mezani. Akanawa mikono haraka, akaja akakishika pembeni kwa ncha za vidole. Uso ukamng'aa. Akaanza kusema kuhusu duka lile, kwamba atakuwa amekinunua pale karibu na mzunguko, mwenye duka ni mzee mmoja kiziwi.

Nikamwambia, "Septemba kuna nini?"

Akakaa.

Nitaandika alichosema bila kukiongezea chumvi, ingawa nina chumvi nyingi. Chuo kimempa nafasi ya kuendelea, miaka mitatu. Safari hii anaruhusiwa kwenda na mke. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa hii ijayo. Amejua tangu Februari. Bibi Mahin alipomuuliza kama mke atakuja, alisema ndiyo, anakuja, ni fundi mzuri, na bibi akamwita fundi wa kupaka rangi.

"Umewaambia watu wa kule kabla yangu," nikasema.

"Kule ilikuwa rahisi kusema."

"Kwa nini?"

"Hawacheki."

Nikamuuliza ni nani anayecheka katika nyumba hii. Akanitazama kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza. Akasema, "Wewe, mke wangu. Nikisema Muleba, unacheka. Nikisema nimepata kazi nzuri wilayani, unasema wilayani. Huo mji ni mdogo kuliko hapa. Ningekuambiaje?"

Nilikuwa na majibu. Mae, nilikuwa nayo tele, yamejipanga kama wateja wa mkesha wa Pasaka. Nikachagua moja kali kuliko yote, nikasema hata senene wangu amewala na nguo sijaiona, nguo imenijia kutoka kwa mwanamke mwingine.

Hapo akainamisha kichwa.

"Niliingia kila duka la vitambaa Bukoba," akasema. "Novemba ile. Nikishika hiki, nakusikia unasema kinachuja. Nikishika kile, nakusikia unasema hiyo nailoni. Kingine ni cha pazia. Kingine cha msibani. Kwenye duka la mwisho muuzaji akaniuliza kama ninaumwa. Nikatoka."

Nisingeamini kama asingetaja cha pazia. Ni kweli, hivyo ndivyo ninavyosema. Siwezi kupita mtu mtaani bila kumsomea gauni lake kwa sauti ya chini, na anayetembea pembeni yangu ni yeye.

Lakini sikubali kwamba kosa ni langu. Niliandike hili wazi. Mwanamume anayeogopa mdomo wa mkewe anaweza kununua kitambaa kibaya, akachekwa, maisha yakaendelea. Baba yangu alileta vitenge viwili vitatu vya kutisha kweli. Mama alivivaa.

Nilikuwa nimekwenda jikoni kumenya ndizi, kwa sababu kumenya ndizi ni kazi inayomruhusu mtu kushika kisu, simu ya Evodius ikalia. Bibi Mahin, siku isiyokuwa yake. Novatus atakuwa amemjulisha kwamba mzigo umefika. Evodius akaja nayo mpaka mlangoni pa jikoni. Hakwenda kibanjani. Akaigeuza, na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaonana na ule mji uso kwa uso.

Ni bibi mdogo. Mdogo kabisa, kama kuku wa kienyeji, ana miwani iliyofungwa kwa uzi na jino moja la dhahabu. Na amejitanda kitambaa kile kile, maua yale yale ya zambarau. Alikuwa amekata pande mbili kwenye jora moja, lake na langu.

Tukatazamana. Nilikuwa na ganda la ndizi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa miezi nane kumchukia na sikujua nianzie wapi kwenye uso ule. Nikapiga goti kidogo bila kukusudia, miguu ilifanya yenyewe, ni mtu mzima. Akacheka akapiga makofi. Akasema maneno, akaweka mkono kifuani. Halafu akauliza kitu, akasubiri.

Evodius hakutafsiri.

Bibi akarudia, sasa akinyoosha kidole kwangu, kisha kwake Evodius.

"Anasemaje?" nikauliza.

Ningeweza kudanganywa pale, na nisingejua mpaka nife. Aliweza kusema bibi anauliza mvua, anauliza mama hajambo. Niliona anafikiria hivyo. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Anasema kitambaa chake ni cha kopo. Anataka kukiona cha sahani. Kile nilichokupa mimi. Anataka kujua kama mimi nimechagua kizuri kumshinda."



Ningeweza kumsitiri. Kibandani nina kitenge cha mteja cha kijani kibichi ambacho kingemtoa macho bibi yule. Sikwenda kukichukua. Nilimwacha Evodius asimame pale na simu yake na Kiajemi chake.

Akamjibu mwenyewe. Maneno machache, kwa sauti ya mtoto aliyepoteza kalamu.

Sijui Kiajemi. Lakini kugombezwa nakujua, na pale nilikuwa naona kugombezwa kwa hali ya juu. Bibi alijipiga shavuni. Akaita jina lake mara nyingi, "Evo, Evo", kila mara na sauti nyingine. Akanionyesha mimi, akaonyesha vidole vyake akivipitisha kama mtu anayekatwa na nyasi. Kumbe hata vidole aliambiwa. Miwani ikaanguka, akaiokota, akaendelea pale alipokuwa ameishia. Na mume wangu, ambaye mimi nikimsema anatoka kwenda kuangalia ng'ombe wa jirani, alisimama wima akasikiliza mpaka mwisho, na mwisho akasema neno moja la kukubali.

Nilifurahi. Nilifurahi sana, nisikufiche. Halafu nikiwa katikati ya furaha wivu ukanipanda upya, mbaya kuliko wa asubuhi. Hata kumgombeza mume wangu wamenitangulia.

Simu ilipokatika akaniambia, "Samahani." Kwa Kiswahili. Halafu akairudia kwa Kihaya, polepole. Nilimpa kisu na ndizi zilizobaki amenye yeye, nikaja kukaa hapa dirishani kukuandikia. Namsikia huko jikoni. Anamenya vibaya, anakata na nyama ya ndizi. Nimejizuia kumwambia.

Sasa nimefikia hivi.

Kesho ni Jumapili, tutakwenda misa na sitaongea habari ya mji wowote. Jumatatu maduka yatafunguliwa. Evodius atakwenda Bukoba peke yake. Sitamtajia duka, sitamwambia rangi, na akinipigia simu kuuliza hiki au kile, sitapokea. Akirudi mikono mitupu, Ijumaa awajibu anavyotaka, mimi na kibanda changu tutaendelea kushonea watu wenye bahasha hapa Muleba. Nimeshajifunza kuishi na mume wa kwenye kioo.

Akirudi na kitambaa, sitakigeuza. Sitavuta uzi. Mate sitayatumia. Nitakikata usiku... hapana, nitakikata asubuhi kwenye mwanga, maana kitambaa hakina hatia, na nitakishona gauni la heshima hata kama ni cha pazia.

Sijasema nimekubali kwenda. Mtu asije akamwambia Evodius kwamba nimekubali.

Nasema tu kwamba kikiwa kibaya, kibaya cha kuchekwa na mbuzi, nitakivaa hivyo hivyo, nitapanda nacho ndege, na nitashuka nacho pale kwenye mzunguko wao wa maua, bibi akione kwa macho yake.